Tupeane uzoefu: kuunganisha mikopo na kumaliza rehani ya nyumba

Asalaam alaykum ndugu zangu. Siku hizi wafanyakazi wa Unguja na Pemba tunapigiwa simu na mabenki: njoo tukununulie mikopo yako yote, yaani benki mpya ilipe madeni yako ya zamani, ubaki na makato ya pahala pamoja. Aliyepita njia hiyo, au aliyemaliza mkopo wa nyumba, naomba aeleze alichokiona, mwengine asiumie.

Mwalimu, Wete
Mie nilikaa na kalamu kabla ya kusaini. Mkopo wangu ulikuwa milioni 10 kwa miaka 5, riba asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, yaani deni lililobaki. Makato 243,000 na kitu kwa mwezi. Baada ya miaka 2 nimeshalipa karibu milioni 5.8, na salio bado milioni 6.9! Mwanzoni makato huliwa na riba. Mwezi wa kwanza pekee 133,000 ilikuwa riba. Benki ya pili ikataka kuninunua kwa riba ile ile, miaka 5 mipya, makato yashuke hadi 168,000. Inavutia, hasa karo za watoto zikikaribia. Lakini 168,000 mara 60 ni zaidi ya milioni 10, na nikibaki nilipo namaliza kwa milioni 8.75. Nikakataa. Ulizeni jumla ya yote mtakayolipa, pamoja na ada ya mkopo mpya, bima, na adhabu ya kulipa kabla ya muda kama imo kwenye mkataba wa zamani.

Mfanyabiashara, Darajani
Wangu ni murabaha, yaani benki hununua kitu kisha ikakuuzia kwa bei yenye faida yake, ukalipa kidogo kidogo. Bei ilishafungwa siku ya mkataba, kwa hiyo kulipa mapema hakupunguzi deni kwa lazima. Punguzo ni hiari ya benki. Niliomba kwa barua, wakanisamehe sehemu ya faida. Msikae kimya.

Fuoni
Marehemu baba alimaliza deni la nyumba, akapewa barua, akaifungia kabatini. Tulipotaka kuuza ili tugawane mirathi, daftari la ardhi bado linaonesha rehani ya benki. Mnunuzi akaondoka. Ilibidi tuanze kuitafuta benki itie saini na muhuri hati ya kuondoa rehani, kisha ikasajiliwe, huku dada zangu wakidhani mie ndiye ninayechelewesha haki yao. Roho iliniuma sana. Ukimaliza kulipa, dai hati yako asili na hiyo ya kuondoa rehani, uende mwenyewe mpaka uone rehani imefutwa.

Muuguzi, Mkoani
Nilinunuliwa mkopo, lakini benki ya zamani ikaendelea kunikata. Nilirejeshewa kwa sababu nilikuwa na barua ya kumaliza deni na hati za mshahara. Pelekeni nakala kwa mhasibu mapema. Benki ikikuzungusha, lalamika kwao kwa maandishi kwanza. Ukishindwa, Benki Kuu ina dawati la malalamiko.

Mwenye uzi
Maalim wa Wete, benki uliiombaje ikuoneshe salio la deni?

Mwalimu, Wete
Kwa barua. Jibu lioneshe salio, tarehe ya mwisho linapotumika, na riba inayoongezeka kila siku. Tarehe ikipita, omba jengine kabla hujapeleka hata shilingi.