Mpangaji aliyekaa miaka 19 ameacha kulipa kodi

Mrithi wa Kikwajuni: Assalaamu alaykum. Nyumba yetu hapa mjini Zanzibar aliiacha marehemu baba, nasi warithi tuko 5. Mpangaji amekaa humo miaka 19 bila ugomvi, na watoto wake tumewaona wakizaliwa. Tangu Ramadhani hajalipa, na kila nikipiga simu hupokea mkewe na kuniambia bwana hayupo. Kaka zangu wanataka nibadilishe kufuli atakapotoka. Naona vibaya, lakini kila mrithi ananidai chake. Nifanyeje?

Mzee wa Malindi: Waalaykumu ssalaam. Mwanangu, kufuli usiiguse. Kodi isiyolipwa ni deni, na deni hudaiwa. Ukimfungia mtu mlango na watoto wake wako ndani, wewe mwenye haki ndiye utakayeitwa kujieleza. Mwandikie barua yenye tarehe, utaje miezi yote na jumla ya fedha, kisha mkae mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, na mashahidi. Akikaidi, nenda mahakamani. Kwa kweli, nyumba za wakfu, zile zilizotolewa kwa ajili ya kheri, ndizo zilizowaharibu watu wa mjini: wamezoea kodi ndogo mno, hata wanaona kumlipa mwenye nyumba ni hisani.

Mkaazi wa Shangani: Mzee wangu, kwa hilo la wakfu umetukosea. Nimezaliwa katika nyumba ya wakfu, na boriti zilipooza chumba cha juu, nilizibadilisha kwa fedha zangu. Kuta zetu ni za mawe na chokaa, lakini fundi aliyeletwa alizipiga plasta ya sementi. Unyevu ukakosa pa kutokea, na sasa plasta inabanduka vipande vizima, ukipitisha kidole unga wa chumvi unabaki mkononi. Hayo nayo yahesabiwe kabla ya kusema tumezoea vya bure.

Mjukuu wa Ng'ambo: Wala kugomea kodi hakukuanzia kwenye wakfu. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu nje ya Mji Mkongwe, waligoma kwa sababu ya dhuluma, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuidhibiti kodi.

Mzee wa Malindi: Wale waligomea kodi waliyotozwa na wenye ardhi, na vibanda vilivyokuwa juu yake walivijenga wenyewe. Huyu mpangaji anaishi katika nyumba aliyoiacha baba wa mwenzake. Na wewe wa Shangani, kama ulitengeneza, risiti ziko wapi, na nani alikuruhusu?

Mkaazi wa Shangani: Maji yalikuwa yakimwagikia kitanda cha mama yangu mgonjwa. Ulitaka nisubiri ruhusa? Mzee, unaniita mwongo mbele za watu, na hilo silikubali.

Mrithi wa Kikwajuni: Jamani, jana nilikwenda mwenyewe baada ya alasiri. Bwana yupo, alipoteza kazi hotelini na alikuwa akijificha kwa aibu. Alinitolea daftari la shule ambalo ameandika mabati, misumari na ujira wa fundi, mwaka baada ya mwaka, akasema marehemu baba alimwambia atengeneze, watahesabiana baadaye. Sisi watoto hatukuwahi kuambiwa. Kaka zangu wanasema ahadi ya marehemu haiwahusu, nami nasema ikiwa ni deni, basi linatangulia mgao wetu wa mirathi.

Mzee wa Malindi: Unasema kweli, deni hutangulia mirathi. Lakini katika daftari hilo, kuna mahali popote marehemu alipotia saini yake?