Mrejesho: Land Rover Series IIA ya marehemu baba

Wakuu, nilipoomba ushauri kuhusu Land Rover Series IIA ya marehemu baba, iliyolala uani Tanga kwa miaka mingi huku injini ikiwa imekwama, niliuliza kama inafaa kufufuliwa au iuzwe chuma chakavu. Ahsanteni, inafufuliwa.

Injini haikusumbua kama nilivyohofia. Fundi alitoa plagi, akamimina mafuta mepesi ndani ya silinda zote nne, akaacha yaloweke, kisha akaizungusha taratibu kwa hendeli hadi pistoni zikaachia. Kazi kubwa imekuwa chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi. Bodi ni ya alumini, hailiwi na kutu kama chuma, lakini kwa chumvi ya upepo wa bahari, kila mahali alumini ilipogusana na chuma palikuwa na unga mweupe, na fundi alipogonga chesisi upande wa nyuma, nyundo ilipenya. Tumekata sehemu hizo na kuchomelea chuma kipya. Walioshauri kuziba matundu kwa pati na kupaka rangi juu wanisamehe, huo ni urembo wa kuuzia gari.

Wenye gari kama hili, kabla ya kufunga betri hakikisheni ni upande upi umeungwa kwenye bodi, kwani Series IIA nyingi za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani upande chanya ukiwa ndio umeungwa hapo, kinyume na gari za sasa, na ukikosea unaweza kuunguza vifaa vya umeme.

Zimebaki breki. Rangi yake ya zamani, pamoja na mikwaruzo, sitaigusa.