Wauza mazabodi, andikeni jina la chipu! Kigoma tumechoka kubahatisha

Wakuu,

Matangazo ya mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za gemu yote yamefanana: "B650, Wi-Fi, taa za rangi, inasukuma gemu zote." (B650 ni aina ya bodi za prosesa za AMD.) Ukiuliza chipu ya Wi-Fi ni ipi, unajibiwa "orijino hiyo, bosi." Kwa mtumiaji wa Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, hilo si jibu! Mzigo unatoka Kariakoo mpaka Mwanga hapa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200. Ukigoma kufanya kazi, nauli ya kuurudisha ni juu yako.

Na chipu ndiyo inayoamua. Yenye MediaTek MT7922 inashika kwenye Debian 12 (mojawapo ya Linux), maana kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ya 6.1 ina draiva (programu ya kuendesha chipu) ya mt7921e. Yenye MT7925, hizi zinazosifiwa kwa Wi-Fi 7, haishiki kabisa hapo, draiva yake imeanza kerneli 6.7. Ukakimbilia waya? Kama chipu ya tundu la mtandao ni RTL8125 umepona. Kama ni RTL8126 ya gigabiti 5, inataka kerneli 6.9, kwa hiyo hata Ubuntu 24.04 (Linux nyingine) ya mwanzo, iliyotoka na 6.8, haiioni. Hapo inabaki kuchomeka simu kwa waya wa USB, kuchukua intaneti yake na kupandisha kerneli.

Msikubali pia kuuziwa kadi ya Wi-Fi ya AX211 "ya kubadilishia" kwenye bodi ya AMD. Ile inategemea prosesa ya Intel. Inayofaa ni AX210.

Kinachoudhi zaidi ni watengenezaji. Boksi lile lile, jina lile lile, lakini rev (toleo la bodi) 1.0 ina chipu hii na rev 1.2 ina nyingine. Namba hiyo imechapwa kwa herufi ndogo nyeupe kwenye kona ya bodi. Muuzaji anapiga picha taa, kona haipigi!

BIOS nayo, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. B650 iliyokaa stoo tangu 2023 haiwaki na prosesa ya AMD Ryzen 9000 mpaka ipandishwe BIOS. Bila kitufe cha Flashback, cha kupandisha BIOS kwa flashi (flashi ya FAT32, pawa saplai imeunganishwa, prosesa si lazima) utatafuta Ryzen 7000 ya kuazima, na huku utaipata kwa nani? Fanyeni kazi hiyo dukani, tena kwenye UPS, umeme ukikatika katikati bodi inaweza kufa.

Feni: bodi zenye chipu ya feni ya NCT6687 zinahitaji moduli (draiva ya kuongeza) ya nje ya kerneli, nct6687d, ndipo udhibiti feni vizuri. Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizosainiwa wakati wa kuwasha, ikiwa imewashwa, moduli haipandi mpaka uisaini kidijitali.

Wauzaji, washeni bodi kwa flashi ya Linux, andikeni amri ya `lspci -nnk` inayoorodhesha chipu, mtume picha ya skrini. Ikisomeka 14c3:0616 ni MT7922, 14c3:7925 ni MT7925. Ongezeni picha ya kona yenye rev na toleo la BIOS. Ni dakika kumi tu. Asiyetuma hivyo vitatu, wakuu, msimtumie hela.