Mrejesho: pasi zangu kwenye Madden hazinaswi ovyo tena

Wadau, niliuliza kwa nini kwotabeki wangu (yule mrusha pasi) kwenye Madden, gemu ya futiboli ya Kimarekani, akirusha mbali, mpinzani ananasa. Asante kwa aliyesema nishikilie kitufe cha pasi. Ukikigusa tu, mpira unapaa na kuelea, beki anapata muda wa kuufikia. Ukikishikilia, unakwenda chini kwa kasi. Mpira wa kupaa sasa namwekea mpokeaji aliyekwisha kumwacha beki nyuma. Mabeki wa nyuma kabisa wakiwa wawili, napiga pasi fupi. Nikibanwa, nabonyeza R3 (kijiti cha kulia cha pedi ya PlayStation) mpira utoke nje. Majamaa wa kibanda cha gemu hapa Umoja wanaita hiyo uoga. Wacha waite. Kilichobaki ni kuangusha mpira nikikimbia, hata nikishikilia R1, kitufe cha kuulinda mpira. Nani ana dawa?