Mjadala: Ndege wa Fungu Kizimkazi wafungwe GPS au waachwe?

Mleta mada: Ndugu zangu, pale Feri, soko la samaki la Dar, kila mvuvi anajua: buabua, ndege wa baharini, wakizonga juu ya maji, nahodha anageuza chombo, maana chini kuna jodari wanaowapandisha vibua. Duniani ndege wa baharini wanapungua. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha makundi yanayofuatiliwa yameshuka kwa takriban asilimia 70 kati ya 1950 na 2010. Kwetu huku wanazaliana Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo ambacho ramani zinakiita Latham, mwamba wa matumbawe usio na mti, umepakwa kinyesi cha ndege. Nasema wafungwe GPS, kifaa kinachorekodi mahali ndege alipo, tujue wanakula wapi. Bila hivyo eneo la kuwalinda tutalichora kwa kukisia.

Mtoto wa Kunduchi: Taratibu, mkuu. Watafiti wengi hawamfungi ndege kifaa kinachozidi asilimia 3 ya uzito wake. Yule mkubwa mweupe anayejitosa majini kichwa chini ana zaidi ya kilo moja, kwa hiyo kifaa cha gramu 25 kilichobandikwa kwenye manyoya ya mkia anakimudu. Buabua mdogo kabisa ana gramu 40 na kitu. Huyo umbebeshe nini? Halafu kumbukeni pengwini wa visiwa vya Crozet. Walivishwa pete za chuma mabawani, wakafuatiliwa miaka 10, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba wenye pete walipata vifaranga pungufu kwa asilimia 39 kuliko wenzao. Pete tu! Na takwimu za ndege wenye pete ndizo watu walikuwa wanazitumia kueleza athari za tabianchi.

Nahodha Mstaafu: Mimi sina shida na gramu. Nauliza hiyo ramani itaenda kwa nani. Mkishachora ndege wanakula wapi, mmechora jodari walipo. Sisi wa mshipi tutaiona mwisho, meli kubwa zitaiona kwanza.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Hofu yako ina msingi, ila jambo hilo lina upande wa pili. Kusini mwa Bahari ya Hindi, albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, walifungwa vifaa vinavyonasa rada za meli. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha zaidi ya robo ya meli walizokutana nazo hazikuwa zinajitambulisha. Ndege aligeuka doria! Na ukiwaona buabua huko kina kirefu, huwezi kujua nani ana kifaranga kisiwani na nani anapita tu. Anayelea hawezi kwenda mbali, lazima arudi. Huyo ndiye samaki wakihama anaumia kwanza.

Nahodha Mstaafu: Marahaba. Doria nimeikubali. Swali langu la ramani bado hujalijibu.

Mama wa Kigamboni: Mnabishania angani wakati tatizo liko chini. Vyombo vinashusha watu pale kisiwani, mayai yanaokotwa. Tena mtafiti naye akimkurupusha mama, kifaranga kinabaki kwenye jua la saa sita juu ya mwamba, na hiyo GPS ya mkia inataka ndege akamatwe mara mbili, kufungwa na kufunguliwa. Anzeni na vya bei rahisi. Ndege akishikwa akitoka kula mara nyingi hutapika, samaki wazima kabisa, unawatambua kwa jina. Unyoya mmoja ukipimwa isotopu za naitrojeni, yaani aina za naitrojeni zinazotofautiana uzito, unaeleza alikuwa anakula viumbe wa ngazi gani katika mnyororo wa chakula baharini. Hesabuni viota kila msimu. Mkishajua vifaranga wangapi wanafikia kuruka, ndipo mfunge hao wakubwa wachache, wadogo muwaache.

Mtoto wa Kunduchi: Hapo nakubali, ila matapishi hayakwambii ni umbali gani. Wakubwa wafungwe, msimu mmoja, na jirani zao wasiofungwa wahesabiwe vilevile. Vifaranga vya waliofungwa vikipungua kuliko vya jirani zao, tunaacha.

Nahodha Mstaafu: Na ramani ikae wapi?