Tanga: Miezi mitatu ya tuisheni ya Kijerumani, mwalimu mwenyewe hajui kusoma saa

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa vyuo feki, hili langu lina mambo yake.

Nimepigwa. Na sijapigwa na tapeli wa mtandaoni, nimepigwa na kituo chenye bango, chenye risiti na mwalimu mwenye tai, hapa hapa Tanga, chumba cha ghorofani maeneo ya Ngamiani. Jina silitaji maana bado nadai changu. Laki moja na themanini, miezi mitatu, Jumatatu mpaka Alhamisi, natoka dukani saa kumi jioni mbio mbio na baiskeli.

Mume wangu yuko Hamburg. Ili nimfuate lazima niwe na cheti cha Kijerumani cha A1, ile ngazi ya kwanza kabisa, Wajerumani wameweka masharti hayo kwa wenza tangu 2007. Mtihani wenyewe hautishi: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, jumla alama 100, ukipata 60 umefaulu. Kuandika kwenyewe ni kujaza fomu na ujumbe mfupi wa maneno kama 30. Nikajiambia miezi mitatu inatosha, mimi si mjinga.

Sasa sikilizeni. Januari mume wangu akanitumia ujumbe wa Kijerumani ili anipime: "Ich rufe dich um halb acht an." Akaongeza kwa Kiswahili, "saa za huko kwenu." Nikafungua daftari langu. Rufen, kuita. An, kwenye. "Nakuita halb acht kwenye." Kwenye nini? Nikaacha. Halb acht hiyo ninayo, mwalimu aliiandika ubaoni na kuipigia mstari: acht nane, halb nusu, kwa hiyo saa mbili na nusu.

Simu nikaiweka kwenye chaji chumbani, nikaenda zangu uani kukaanga samaki. Saa mbili na nusu nimeshaoga, nimejifunga khanga mpya, nimekaa kitandani naisubiri. Naishika, nakuta amepiga mara nne. Saa moja na nusu. Kule kwake ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, anajiandaa kuingia zamu ya usiku. Ujumbe wa mwisho: "Sawa, kama uko bize." Wake za watu mnaielewa hiyo "sawa".

Kesho yake ndipo akanieleza. Mjerumani akisema halb acht anamaanisha nusu ya kuelekea nane, yaani saa moja na nusu yetu. Mwingereza ndiye akitaja nusu na nane anakuwa tayari ameshaipita nane. Na ile "an" niliyoiacha ndiyo kichwa cha kitenzi! Kitenzi ni anrufen, kupiga simu, kwenye sentensi kinakatwa na kile kipande cha mbele kinatupwa mwisho kabisa. Kama aufstehen, kuamka: "Ich stehe um fünf Uhr auf," naamka saa kumi na moja alfajiri. Ukisoma sentensi ya Kijerumani bila kufika mwisho hujasoma kitu. Miezi miwili na nusu nimekaa darasani, hakuna aliyenitajia hilo.

Nikamfuata mwalimu kwa adabu zote. "Shikamoo mwalimu, samahani, hii halb acht..." Akanijibu mbele ya darasa, "Wewe na mumeo ndio mnajua kuliko kitabu?" Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza mwanzo mwisho. Ndiyo siri ya yule bwana, kila kitu anakipitisha kwenye Kiingereza kwanza, halafu anatumwagia sisi makapi. Darasani tuko kumi na wawili, Kiingereza chetu wenyewe cha kuungaunga, halafu tunavushwa kwa mtumbwi unaovuja.

Hilo la saa ningemsamehe. Lisilosameheka ni der, die, das.

Alitupa karatasi za maneno mia tatu ya kumeza. Tisch meza, Lampe taa, Buch kitabu, Tür mlango. Yote yako uchi, hakuna hata moja lenye der wala die wala das. Tukiuliza anasema, "Hizo zitakuja zenyewe." Hazikuja. Siku tuliyokutana na "den Tisch" kwenye zoezi, akatuambia kitabu kimekosewa chapa, tusahihishe tuandike der. Tukasahihisha, kwa kalamu ya wino. Leo hii ndiyo najua kwamba der ikiwa ni kitu kinachotendwa inageuka den. Der Tisch ist neu, meza ni mpya. Ich kaufe den Tisch, nanunua meza. Die na das hapo hazibadiliki. Ni somo la dakika kumi jamani, na sisi tumechafua kitabu kizima.

Aliyeniokoa ni babu mmoja jirani yetu Chumbageni, alisomea ufundi Ujerumani Mashariki enzi hizo bado ziko mbili. Anakaa barazani na kahawa yake. Nikamwonesha zile karatasi, akazisoma, akacheka mpaka kashata ikamdondoka.

"Mwanangu, kwa nini unasema kiti kimevunjika, husemi kiti umevunjika?"

"Ndivyo inavyosemwa, babu."

"Basi na Tisch ni der kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Ni ngeli hizo. Wewe una ngeli chungu nzima kichwani tangu unanyonya, wao wana tatu tu, na unalia?"

Wakuu, nilinyamaza. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo. Tofauti, akasema babu, ni kwamba kwetu neno mara nyingi limevaa sare: kiti unaiona ki- yake pale mlangoni. Lao halina sare, der ndiyo sare yake, kwa hiyo ukimeza Tisch bila der umemeza nusu. Na wingi wake unameza hapo hapo, maana nao hautabiriki: Tisch Tische, Kind Kinder, Lampe Lampen, Auto Autos, halafu Lehrer anabaki Lehrer. Akanipa kalamu tatu za rangi, bluu der, nyekundu die, kijani das, nikaanza karatasi upya. Akanionesha na vichochoro: neno likiishia -ung, -heit au -keit ni die. Likiishia -chen ya kudogosha ni das, basi.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wetu. Alipofika kwenye das Mädchen, msichana, alituambia Wajerumani wanamhesabu msichana kama kitu. Darasa zima tukaguna. Kumbe ni ile -chen ya kudogosha tu! Na sisi si ndio tunaosema kitoto hiki kinalia, mtoto anatoka kwenye a-wa anaingia ki-vi, na hakuna mama aliyewahi kukasirika?

Hata namba. Fünfunddreißig, tano na thelathini, ndiyo 35. Mwalimu akasema "wanahesabu kinyumenyume, mtazoea." Nusu ya darasa letu tumepita chuoni kwa maalimu, hamsa wa ishirini, yaani 25 ya Kiarabu, tumeisoma tukiwa na miaka sita. Angesema tu "ni kama hamsa wa ishirini" tungemaliza siku hiyo hiyo. Badala yake kwenye zoezi la bei naandika 53 mpaka leo.

Kusikiliza ndiyo usiseme. Miezi mitatu hatujawahi kuwekewa sauti ya Mjerumani hata mara moja, na kwenye mtihani kuna sehemu ya matangazo unayoyasikia mara moja tu. Spika ipo, iko juu ya kabati, wanaitumia siku za mahafali.

Halafu mji wenyewe ni huu, ambao Mjerumani alianza kujenga reli ya Usambara mwaka 1893. Shule ni neno lao, Schule. Hela nayo tunaambiwa ni Heller yao, sarafu waliyotuletea 1904. Kwa hiyo hela yangu imeliwa na shule, na msamiati huo ndio pekee niliotoka nao pale ukiwa sahihi.

Nataka nusu ya ada yangu. Aliyewahi kurudishiwa na vituo vya namna hii anielekeze pa kuanzia, serikali ya mtaa au wapi. Na aliye na sauti za mazoezi ya A1 anitumie, mtihani nimeusogeza mbele.

Nawasilisha.

NYONGEZA, saa nne usiku: Mtu ameupeleka uzi huu kwenye grupu la darasa. Mwalimu, ambaye hawezi kuandika mistari miwili bila kutupia Kijerumani, amenitumia ujumbe niende kesho ofisini "halb vier" tuyamalize. Nimemuuliza: mwalimu, ni saa tisa na nusu au saa kumi na nusu? Tiki mbili za bluu, kimya.