Mkataba wa gereza linaloendeshwa na kampuni: nianze kukagua wapi?

Msoma_Mikataba: Wakuu, napitia mikataba ya magereza yanayoendeshwa na kampuni. Malipo ni kwa mfungwa kwa siku, halafu kuna kiwango cha chini cha wafungwa ambacho serikali inakihakikisha. Hicho kina madhara gani, na nikague nini kwanza?

Hesabu_Kwanza: Chukua gereza la vitanda 1,000, serikali ikiwa imetoa dhamana kwamba 90% vitalipiwa. Wakiwamo wafungwa 700, serikali inalipia 900. Vitanda 200 vitupu vinakula fedha kila siku hadi mkataba uishe. Jimbo la Arizona, Marekani, liliyaona hayo: mwaka 2010 wafungwa watatu walitoroka gereza la Kingman, jimbo likasita kupeleka wengine, kampuni ikadai fidia kwa kuwa iliahidiwa 97% ya vitanda. Jimbo likalipa dola milioni 3. Hakikisha kifungu kinasema dhamana inasitishwa pale kosa likiwa la kampuni.

Daftari_la_Zamu: Sawa, ila mimi ningeanza na kiambatisho cha watumishi. Mishahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo faida hunyofolewa hapo. Kule Idaho, jimbo jingine la Marekani, mwaka 2013 kampuni ya magereza ya Corrections Corporation of America ilikiri kwamba karibu saa 4,800 za ulinzi ziliandikwa kwenye rekodi za 2012 ilhali vituo havikuwa na askari. Ripoti ya mwezi haiwezi kukuonyesha hilo, maana anayeiandika ndiye anayelipwa. Omba orodha ya zamu, karatasi za mishahara na daftari la getini za siku zilezile, uzilaze pamoja. Jina moja vituo viwili saa ileile, au mtu kazini saa 48 mfululizo: hapo pameghushiwa. Na angalia kampuni inakatwa kiasi gani kwa zamu isiyo na askari. Makato yakiwa madogo kuliko mshahara wa askari, kuacha nafasi wazi kunalipa, na anayeumia ni mfungwa asiye na mtu wa kumwamulia ugomvi.

Msoma_Mikataba: Na wanaosema kampuni ni nafuu?

Hesabu_Kwanza: Tazama orodha ya wafungwa ambao kampuni inaruhusiwa kuwakataa. Wagonjwa sugu wakibaki magereza ya serikali, wastani wa gharama za kampuni lazima ushuke.

Daftari_la_Zamu: Usisahau jengo ni la nani. Uingereza ilichukua usimamizi wa gereza la Birmingham kutoka kampuni ya G4S Agosti 2018, Idaho nayo ikachukua lake 2014, na yote mawili majengo yalikuwa ya umma. Jengo likiwa la kampuni, kuvunja mkataba maana yake ni kutafuta vitanda kwingine kwanza.